Umbali Mmoja, Saa Mbili Tofauti

Wanafunzi wenzangu, wakati wa kuchagua masomo wengi hulitupa somo la Jiografia. Ati ni la kukariri tu! Mimi nakataa.

Mwaka wa 2018 Kenya Airways ilianza safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, karibu kilomita 11,800. Kwenda ni saa 15 hivi. Kurudi ni kama 14. Mbona, na umbali ni ule ule? Kule juu upepo mkali huvuma kutoka magharibi. Ndege ikienda hupambana nao, ikirudi husukumwa.

Jamani, kugawanya umbali kwa mwendo hakutoshi. Hisabati hutoa jibu, Jiografia hutoa sababu. Tusizitenganishe. Kidole kimoja hakivunji chawa.