Wengi Wape, na Wachache Je?

KANDO YA RELI
Na Ilunga wa Banza, Base ya Kamina

Wahenga walisema wengi wape, usipowapa watachukua. Methali hiyo inamfaa mgombea siku ya kura, lakini Leta, yaani dola, haiwezi kuongozwa nayo. Wengi wana ngao yao tayari, ni ule wingi wao. Leta iliwekwa kwa ajili ya yule ambaye wengi wakiamua kuchukua, hana pa kukimbilia.

Sisi wa Kamina tunalijua hilo, maana mji wetu ni njia panda ya reli. Mwaka 1992 na 1993, Wakasai walipofukuzwa Likasi na Kolwezi, treni zao zilipitia hapa kwenda Kasai. Wengi wao walizaliwa Katanga na hawakujua kwao kwingine. Wengine walifia njiani kwa njaa na magonjwa. Waliitwa bilulu, yaani wadudu, na wakubwa wa jimbo wa siku zile hawakulizuia neno hilo. Walikuwa macho, ila walikuwa upande wa wengi.

Mkono mwingine wa reli unakwenda Kabalo, Nyunzu hadi Kalemie. Huko hadithi inanichoma zaidi, kwa kuwa mimi ni Muluba. Aprili 30, 2015, wanamgambo wa Kiluba walivamia kambi ya wakimbizi wa ndani, Batwa wa misituni, karibu na Nyunzu na kuua watu wasiopungua 30. Kambi hiyo iliitwa Vumilia. Ndilo shauri ambalo wachache hupewa kila wanapolalamika. Batwa nao walishika mishale, wakachoma vijiji vya Baluba na kuua wasio na hatia. Damu ya Muluba haina uzito zaidi ya ile ya Mutwa, wala pungufu.

Oktoba 2016, huko Kabalo, mapigano yalilipuka upya kwa sababu ya viwavi. Batwa walitakiwa kulipa kodi kwa viwavi walivyookota porini, wakakataa. Watu wakafa kwa kitoweo. Tusikimbilie kusema ni chuki za kikabila tu. Tuulize kwanza: nani alikuwa na haki ya kutoza kodi ile? Na Mutwa aliyeona ameonewa angekwenda kushitaki wapi? Kwa shefu? Mashefu wengi huko ni Baluba, na mara nyingi aliyelalamikiwa ni shefu mwenyewe au ndugu yake. Mahali ambapo mlalamikaji hana mlango wa kubisha, mshale ndio unaopeleka malalamiko.

Sheria hatukukosa. Katiba ya Februari 18, 2006, katika kifungu cha 51, inaiagiza Leta ilinde makundi dhaifu na wachache wote. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2013. Na Julai 15, 2022, Rais alitia sahihi sheria ya kulinda na kukuza haki za Batwa na ndugu zao wa misituni: shule, matibabu, ardhi yao, na kutohamishwa bila ridhaa yao. Ni sheria nzuri. Lakini imeandikwa Kifaransa, na Mutwa haonani na Kinshasa. Anaonana na karani wa vyeti vya kuzaliwa, mwalimu mkuu, polisi wa kizuizi cha barabarani na shefu. Hao wanne ndio Leta yake. Mtoto asipoandikwa katika siku 90 zilizowekwa na sheria, haki nyingine zote zitamtafuta zisimpate.

Baada ya mkutano wa amani wa Kalemie wa Februari 2017, jimbo la Tanganyika liliunda mabaraza ambamo Mutwa na Muluba wanaketi pamoja kuamua ugomvi wa shamba na wa pori. Hayakumaliza kila kitu, lakini yalimpa Mutwa kiti badala ya kumwacha amesimama mlangoni. Jimbo letu la Haut-Lomami lisisubiri damu ndipo liige.

Hapa Base, kambi waliyoijenga Wabeljiki baada ya Vita Kuu ya Pili, wanaishi askari wa kila pembe ya Kongo. Mke wa askari kutoka jimbo la Ekweta akienda sokoni, yeye ndiye mchache. Muluba akishuka Kinshasa, zamu inakuwa yake. Uchache si kabila, ni mahali uliposimama siku ile.

Waheshimiwa wa bunge la jimbo mnaokaa hapa Kamina, sheria ya 2022 itafsiriwe kwa Kiswahili na Kiluba, isomwe mbele ya kila shefu, na karani atakayemrudisha Mutwa bila cheti aulizwe sababu. Na wewe msomaji, ukisikia jirani anaitwa mdudu, usicheke. Treni zile za 1992 zilianza na neno.