Maonyesho, ushuru na ile 10% niliyobuni

Nimekuwa kimya kwa majuma mawili. Sikuwa likizoni. Nilikuwa nikifuatilia sanduku moja kutoka Shenzhen lililokwama kwenye ghala la mizigo pale uwanja wa ndege wa JKIA, huku maonyesho tuliyokwisha kulipia banda yakianza bila hilo sanduku.

Sisi waandishi wa kodi za tarakilishi tunaijua kidogo sana kodi ile nyingine, ya serikali. Mimi ndiye niliyeandaa bajeti yetu ya maonyesho. Kwenye mstari wa mwisho niliandika "usafiri na ushuru: 10%". Hiyo 10% ilitoka wapi? Haikutoka popote. Ilikaa vizuri machoni, basi. Mwanafunzi angeniletea programu yenye namba ya kubahatisha namna hiyo, ningemrudishia.

Ndani ya sanduku mlikuwa na skrini za kugusa, printa ndogo za risiti na stendi za alumini za kuonyeshea programu yetu ya maduka. Kwa kuwa nafasi ilibaki, nikaongeza kofia na fulana za kugawa. Muuzaji akaandika ankara moja: "vifaa vya maonyesho". Wakala wa forodha, mzee aliyeifanya kazi hii miaka mingi, aliitazama akacheka.

"Kijana wangu, forodha hawana kitu kinachoitwa vifaa vya maonyesho."

Na ni kweli. Kila kitu kina namba yake ya HS, na kila namba ina kiwango chake. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza 2005 ukiwa na ngazi tatu: 0%, 10% na 25%. Mwaka 2022 ikaongezwa ya nne, 35%, na humo zikaingia fulana, kofia na samani. Tarakilishi ni 0%. Kwa hiyo sanduku langu moja lilikuwa na viwango tofauti tofauti, na ankara haikusema lolote.

Usifurahie ile 0% mapema. Juu ya ushuru kuna ada ya tamko la uagizaji, 2.5% tangu 2023, na tozo ya reli, iliyopandishwa hadi 2% mwishoni mwa 2024. Kisha VAT ya 16%, ambayo hupigwa juu ya thamani ya mzigo pamoja na ushuru wenyewe. Tufanye hesabu. Tarakilishi ya shilingi 100,000 isiyo na ushuru italipiwa 2,500, 2,000 na 16,000, jumla 20,500. Bidhaa ya ngazi ya 35% yenye thamani hiyo hiyo italipiwa ushuru 35,000, zile ada mbili 4,500, na VAT 21,600. Jumla ni 61,100. Ile 10% yangu iko wapi hapo?

Sasa sikiliza jambo lililoniuma zaidi. Ni bei ya usafiri. Tulichelewa kuagiza, tukakimbilia ndege. Chukua kofia za shilingi 60,000 zilizosafirishwa kwa ndege kwa 40,000: hata kabla ya kodi zimekugharimu 100,000. Kofia hizo hizo zingekuja kwa meli, tuseme usafiri 10,000, zingekugharimu 70,000. Tofauti ni shilingi 30,000, nayo ni bei ya kuchelewa. Mwenda pole hajikwai, lakini lazima aondoke mapema.

Je, hakuna njia ya kuepuka? Ipo, na hili ndilo nililopaswa kulijua. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya 2004 inaruhusu kuingiza kitu kwa muda, hadi miezi 12, bila kukilipia ushuru, mradi uweke dhamana na kitoke tena nchini. Skrini zetu tulizokusudia kuzirudisha zingeweza kupitia hapo. Kofia za kugawa haziwezi, kwa sababu hazirudi. Nilipochanganya vya kurudi na vya kubaki katika sanduku moja na ankara moja, niliifunga njia hiyo kwa mikono yangu. Na ukiingiza kwa muda, usije ukashawishika siku ya mwisho mteja anapotaka kuinunua ile ya maonyesho. Ukiiuza, ushuru wake unakungoja.

Msidhani tabu hii ni ya Nairobi pekee. Wenye mabanda Marekani waliionja 2025. Mwezi Aprili ushuru mpya juu ya bidhaa za China ulifika 145%, na Mei ukashushwa hadi 30%. Alumini, ambayo ndiyo mifupa ya mabanda mengi ya kisasa, iliwekewa 25% mwezi Machi na 50% mwezi Juni. Banda hupangwa miezi mingi kabla, ilhali kiwango hubadilika usiku mmoja. Kwetu mabadiliko yana msimu: bajeti husomwa Juni na viwango vingi vipya huanza tarehe 1 Julai. Anayepanga mwezi Machi kwenda maonyesho ya Jamhuri Park baadaye mwakani anapiga hesabu kwa viwango ambavyo huenda havitakuwapo mzigo utakapofika.

Maoni yangu basi. Siilaani ile 35%. Imewekwa kwa ajili ya seremala wa Ngong Road na mchapishaji wa fulana wa River Road, nami nilikuwa na kila sababu ya kwenda kwao kwanza. Kofia za kugawa Nairobi zina haja gani ya kupanda ndege? Agiza kile tu kisichopatikana hapa, na ukodishe kinachokodishwa, hasa skrini.

Ninachokilalamikia ni kumfunga anayeleta kitu cha kuonyesha tu. Kuna hati ya kimataifa iitwayo ATA Carnet, iliyoanzishwa kwa mkataba wa 1961, inayoruhusu vifaa vya maonyesho kupita mipaka na kurudi bila kuweka dhamana upya kila nchi. Afrika Kusini, Morocco, Mauritius na Senegal wanaitumia. Jiji linalojiita kitovu cha teknolojia lingefaa kuwamo. Kampuni kubwa ina mtu wa forodha na pesa za dhamana. Kampuni ya watu watatu haina.

Sisi tulionyesha programu yetu kwa tarakilishi mbili na runinga ya sebuleni kwa dada yangu. Sanduku lilitoka siku mbili baada ya maonyesho kufungwa, likiwa limeongezewa ada ya kuhifadhiwa ghalani. Pesa za kulitoa zilitoka kwenye fungu tulilotenga kumwajiri mwanagenzi wetu, ambaye sasa ameombwa asubiri hadi Januari. Nilimweleza mwenyewe. Hakusema kitu, aliuliza tu kama anaweza kuandika programu ya kukokotoa ushuru.

Ameianza. Mstari wa kwanza aliofuta ni ile 10%.