Somo la picha shuleni: kamera imekuwa rahisi, jicho bado ni ghali

MSIMU wa mahafali ya kidato cha nne unapowadia, viwanja vya shule za sekondari nchini Tanzania hujaa kamera. Mzazi ana simu, mjomba ana simu, hata bibi aliyetoka kijijini amekabidhiwa simu ya mjukuu aishike. Pamoja na wingi huo wote, pembeni mwa uwanja bado husimama kijana mwenye kamera shingoni na mashine ndogo ya kuchapisha picha mezani, na wateja wanampangia foleni.

Kwa mtu wa biashara, hilo ni jambo la kujiuliza. Kwa nini mtu mwenye kamera mfukoni akubali kutoa fedha ili apigwe picha na mtu mwingine? Jibu la swali hilo ndilo linalopaswa kuwafanya wakuu wa shule, wazazi na watunga mitaala walitazame upya somo la upigaji picha, hasa picha za watu na upangaji wa picha, ambalo katika shule nyingi hubaki kuwa kazi ya klabu ya Ijumaa jioni, pale linapokuwapo kabisa.

Biashara iliyogeuka

Kwa miongo mingi, aliyemiliki kamera ndiye aliyemiliki biashara. Zanzibar ilikuwa na studio ya Capital Art, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Mombasa ilikuwa na studio ya Parekh, na Lamu ilimjua Omar Said Bakor. Watu walikwenda huko wakiwa wamevaa nguo za sikukuu kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kupata picha. Mkanda mmoja ulikuwa na picha 36, kila kosa lilikuwa hasara, na mteja alisubiri siku kadhaa hadi picha zisafishwe.

Mabadiliko yalianza mbali. Mwaka 1975 mhandisi wa kampuni ya Kodak ya Marekani, Steven Sasson, alitengeneza kamera isiyotumia mkanda. Kampuni hiyo iliendelea kutegemea mikanda, na Januari 2012 ikaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake. Athari zake zilifika hadi kwenye maabara za rangi za miji yetu, ambazo zilikosa mikanda ya kusafisha.

Pigo jingine lilikuwa la hapa nyumbani. Picha ndogo za pasipoti zilikuwa mkate wa kila siku wa studio za mitaani. Lakini katika uandikishaji wa wapiga kura wa mwaka 2015 uliotumia alama za vidole, na katika utoaji wa vitambulisho vya taifa, mwananchi hupigwa picha palepale kituoni na afisa. Mteja aliyekuwa akipitia studio kwanza hakuwa tena na sababu ya kupita.

Kazi zilizobaki ni harusi, mahafali, picha za familia, mabango ya biashara, taarifa za vyama vya ushirika na matangazo ya mazao kwenye simu. Katika kazi zote hizo, mteja hanunui mashine, kwa kuwa mashine anayo. Ananunua jicho la anayeishika. Na jicho hufundishika.

Kinachofundishwa ni nini?

Wengi hudhani somo la picha ni somo la vifungo vya kamera. Kwa kweli vifungo ndiyo sehemu ndogo zaidi. Mwanafunzi anayeanza hufundishwa kwanza kuuona mwanga.

Nchi yetu iko karibu na mstari wa Ikweta, hivyo mchana jua husimama utosini. Mtu akipigwa picha saa sita katikati ya uwanja, macho yake hugeuka mashimo meusi, na kama ni mkulima aliyevaa kofia ya pama, nusu ya uso hupotea kabisa. Mwalimu anayejua kazi yake atawatoa wanafunzi juani na kuwaweka ukingoni mwa kivuli cha baraza, nyuso zikitazama nje. Mwanga wa hapo ni laini na hauna gharama. Karatasi nyeupe ya manila ikishikwa upande wa pili wa uso, hurudisha mwanga na kupunguza kivuli.

Pili ni umbali. Lenzi kuu ya simu nyingi ni pana, inalingana takriban na milimita 24 hadi 28 katika kamera za mkanda, wakati wapiga picha za watu wamezoea milimita 85 hadi 105. Anayesogeza simu karibu mno na uso huifanya pua ionekane kubwa na masikio yarudi nyuma. Dawa yake ni kurudi nyuma hatua mbili tatu, kisha kuvuta picha kidogo.

Tatu ni mpangilio. Wanafunzi hufundishwa kuigawa picha kwa mistari miwili ya wima na miwili ya mlalo, na kuweka macho ya mtu karibu na mstari wa juu badala ya kuyaweka katikati kabisa. Hufundishwa kuacha nafasi upande ambao mtu anatazama, kutomkata mtu kwenye viungo kama magoti na viwiko, na kukagua kilicho nyuma yake kabla ya kubonyeza. Mti unaoonekana kama umeota kichwani mwa bwana harusi umewaharibia wengi siku yao.

Nne, na pengine gumu kuliko yote, ni kuzungumza na mtu. Watu wengi wakiona kamera hukakamaa kama wako mbele ya polisi. Mpiga picha anayemsalimia mzee ipasavyo, akamuuliza habari za shamba na kumwacha ashike jembe lake mwenyewe, hupata uso ambao mwenye haraka hawezi kuupata.

Kamera na ngozi zetu

Lipo jambo moja ambalo mtoto wa Kiafrika ana sababu ya pekee ya kulijua. Vifaa vya picha havikutengenezwa kwa kumfikiria yeye. Kuanzia miaka ya 1950, maabara za rangi zilitumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke wa Kizungu kama kipimo cha rangi sahihi ya ngozi. Kadi hizo zikaitwa Shirley. Mikanda ilipoboreshwa baadaye ili ionyeshe vizuri rangi za giza, msukumo mmojawapo ulikuwa malalamiko ya watengenezaji wa samani na chokoleti ambao bidhaa zao hazikutoka sawasawa. Ilifika mwaka 2021 ndipo Google ikatangaza kwamba kamera ya simu yake ya Pixel 6 imerekebishwa ili ionyeshe kwa haki ngozi za rangi mbalimbali.

Tatizo hilo linaonekana wazi kwenye picha za shule. Mwanafunzi mweusi amevaa shati jeupe na kusimamishwa mbele ya ukuta mweupe. Kipima mwanga cha kamera, ambacho hukadiria kana kwamba kila kitu kina wastani wa kijivu, kinaona weupe mwingi na kuipunguzia picha mwanga. Shati hutoka vizuri, uso hautambuliki. Mwanafunzi aliyefundishwa atagusa uso kwenye kioo cha simu ili mwanga upimwe hapo, ataongeza mwanga kidogo, na atamwondoa mwenzake mbele ya ukuta mweupe. Kazi hiyo haichukui dakika, lakini ndiyo inayotenganisha picha inayolipiwa na ile inayofutwa.

Hesabu ya darasa

Pingamizi la kwanza la wakuu wa shule ni gharama. Shule isiyo na kemikali za maabara, wanauliza, itanunuaje kamera? Hoja hiyo ni ya haki, na historia inaiunga mkono. Katika miaka ya 1970 shule za sekondari ziligawanywa katika michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansikimu. Fikra ilikuwa nzuri, lakini somo la ufundi lisilo na zana hugeuka somo la kukariri.

Lakini hesabu ya picha ni tofauti. Chukua darasa la wanafunzi 40 na vipindi viwili vinavyofuatana vya dakika 40. Kwa kamera moja, kila mwanafunzi anapata dakika mbili tu, na wengine 39 wanapiga soga. Kwa simu nne zilizotumika, kila moja ikihudumia kundi la watu kumi, kila mmoja anapata dakika nane. Wakati huo wengine wanafanya kazi ambayo haihitaji kamera: kukata kiunzi cha kadibodi, kutazama kupitia tundu lake, na kuchora kwenye daftari picha ambayo wangeipiga zamu yao ikifika.

Kuwapa idadi ndogo ya picha kunasaidia pia. Mwanafunzi akiruhusiwa picha tatu tu, hufikiri kabla ya kubonyeza, kama walivyofikiri wazee wa mkanda wa picha 36. Akiachiwa apige mia, hurudi na mia zinazofanana.

Suala la simu kupigwa marufuku shuleni lina ufumbuzi pia. Hakuna anayedai kila mwanafunzi aje na simu yake. Simu za somo zinaweza kuwa mali ya shule, zisizo na laini, zikafungiwa ofisini na kutolewa kwa saini kama vinavyotolewa vifaa vya maabara.

Hata studio haihitaji fahari. Seydou Keïta wa Bamako, Mali, ambaye picha zake leo zinaning'inizwa katika majumba ya sanaa ya dunia, alitumia mwanga wa jua, na pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka la kitandani.

Je, soko lipo?

Pingamizi la pili ni kwamba vijana wa picha wamejaa mitaani, na kwamba simu zenyewe sasa zinafanya kila kitu. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 zipo simu zinazoweza kuufifisha usuli ili mtu aonekane peke yake. Lakini simu haimwambii mteja asogee kivulini, wala haijui kwamba bibi harusi anapendeza zaidi akitazama kushoto. Waliojaa mitaani ni wenye vifaa. Wenye ujuzi ni wachache, na hao ndio wanaotafutwa msimu wa harusi.

Hata hivyo, wanafunzi wasidanganywe. Kipato cha picha huja kwa msimu, na si kila atakayesoma ataishi kwa kazi hiyo. Faida ya somo ni pana zaidi. Binti atakayerudi kijijini kulima parachichi atajua kupiga picha ya zao lake ikamshawishi mnunuzi aliye mbali. Kijana atakayeajiriwa na chama cha ushirika ataweza kuwapiga wanachama picha zenye heshima, zinazofaa kuwekwa kwenye taarifa ya mwaka.

Mlango wa kisera upo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeweka mikondo miwili ya sekondari, wa jumla na wa amali. Kenya nayo, kupitia mtaala wake wa umilisi, imeipa sanaa na michezo njia yake katika sekondari ya juu. Kinachohitajika ni upimaji unaoendana na somo lenyewe: mwanafunzi apimwe kwa albamu ya picha zake kumi au ishirini na maelezo ya kwa nini alipanga hivi na si vile. Mtihani wa kutaja sehemu za kamera hautoshi.

Sheria nayo ifundishwe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sura ya mtu si mali ya aliyemwona. Kuomba ruhusa kabla ya kupiga na kabla ya kusambaza ni sehemu ya ujuzi, hasa kwa picha za watoto.

Mohamed Amin, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliitikisa dunia, alianza kushika kamera akiwa mwanafunzi jijini Dar es Salaam, na mwaka 1963, akiwa bado na umri wa miaka 20 hivi, akaanzisha hapo kampuni yake ya Camerapix. Wakati huo, kwa mtoto wa shule, kamera ilikuwa kitu adimu. Leo kamera zimejaa katika kila nyumba, na kilichoadimika ni mtu wa kumfundisha mtoto kuitumia. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Shule itakayotenga vipindi viwili kwa wiki, simu nne na baraza lenye kivuli, itakuwa imewapa vijana wake ujuzi ambao mteja wa mahafali yajayo yuko tayari kuulipia.