Mvuke Wetu, Betri Yao

Bodaboda ya umeme naiunga mkono kwa moyo wote, na yeyote anayetaka kuyageuza maneno yangu yawe utetezi wa petroli akae nayo mbali. Mapafu ya wakazi wa Nairobi yamechoka. Simama Jogoo Road jioni, urudi nyumbani uangalie kola ya shati lako. Mwendeshaji ndiye anayeumia kuliko sote, kwa hewa anayovuta kutwa na kwa mfuko wake. Septemba 2023 lita ya petroli jijini ilipanda hadi zaidi ya shilingi 211, na wengi wakawa wanahangaikia tangi kwanza, unga wa nyumbani baadaye. Chombo kisichotoa moshi, kisichodai oili, kisichowaamsha watoto usiku mtaani ni neema. Ndiyo maana nina hasira. Neema hii inafungwa minyororo mchana kweupe, na tunaowalipa mshahara watulinde wamenyamaza.

Shida iko kwenye betri.

Pikipiki nyingi za umeme huuzwa hapa bila betri. Mwendeshaji ananunua chombo, mara nyingi kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo kila siku, lakini betri inabaki mali ya kampuni. Chaji ikiisha anakwenda kwenye kabati la kampuni hiyo, anachomoa betri tupu na kuiingiza kwenye tundu, anathibitisha kwa simu, mlango mwingine unafunguka na anachukua iliyojaa. Dakika chache yuko barabarani. Ni kazi safi, na mafundi walioibuni nawapa heko yao. Hata kukodi betri kuna maana yake: ndiyo sehemu ghali ya pikipiki, na ikichakaa hasara inakuwa ya kampuni, haimwangukii kijana wa watu.

Sasa msogelee kijana huyo saa tatu usiku, mvua imeanza, skrini inaonyesha asilimia 6. Hatua chache kutoka stejini kuna kabati linawaka taa, betri zimejaa tele. Haliwezi kumfaa kitu. Ni la kampuni nyingine: plagi hailingani na yake, betri haikai chini ya kiti chake, programu haimtambui. La kampuni yake liko mtaa wa tatu, na akifika huenda akakuta foleni, au betri iliyobaki ina nusu chaji. Anamwomba abiria radhi, anamshusha, anaanza kusukuma. Nimewaona wakisukuma, wameinama, maji yanawatiririka shingoni. Angekuwa na ya petroli angeingia kituo chochote akajaza, wala hakuna ambaye angemuuliza pikipiki yake ilitengenezwa India au Japani.

Na kuna kubwa kuliko hilo. Vyombo hivi vina laini ya simu ndani na kifaa kinachoonyesha vilipo. Mwendeshaji akichelewa kulipa, mtu aliyeketi ofisini anaweza kubonyeza kitufe na pikipiki isiondoke, au kabati likamnyima betri. Hakuna amri ya mahakama, hakuna dalali mlangoni, hakuna hata wa kumsikia akisema mtoto alilazwa wiki nzima. Tunayo sheria ya ununuzi wa mali kwa awamu, Sura ya 507, iliyopitishwa 1968. Inasema mnunuzi akishalipa theluthi mbili ya bei, mwenye mali hawezi kumnyang'anya bila kwenda mahakamani. Walioitunga waliwajua vizuri wakopeshaji, walijua jinsi mtu anavyosubiriwa alipe karibu zote ndipo apokonywe. Hawakuweza kujua kwamba ipo siku chombo kitazimwa kutoka mbali. Leo aliyelipa theluthi mbili, hata robo tatu, anaweza kuamka akute pikipiki yake imekufa hapo uani, na kampuni ikajitetea kwamba haijachukua kitu. Imechukua! Imechukua kazi yake, na pikipiki bila kazi ni chuma tu. Huo ni unyang'anyi, hata kama hakuna aliyeingia getini.

Kinachonichoma zaidi ni umeme wenyewe unakotoka. Karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutoka kwenye mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Mitambo ya mvuke ya Olkaria imekuwa ikizalisha tangu 1981, na KenGen, mwenye visima vingi vya pale, ni kampuni ambayo asilimia 70 ni mali ya Serikali, yaani yetu. Usiku, nchi ikilala na mahitaji yakishuka, mvuke mwingine huachiliwa hewani bure. Basi mwaka 2023 EPRA, mamlaka inayosimamia nishati, ikaweka bei maalumu ya umeme wa magari na pikipiki: shilingi 16 kwa yuniti, na 8 nyakati ambazo mahitaji ni madogo. Ni uamuzi wa busara, nausifu. Lakini ni nani anayeandikiwa bili hiyo? Mwenye kabati. Mwendeshaji anayekodi betri hulipa bei ambayo kampuni imejipangia, na kwa kawaida hana njia ya kuichaji nyumbani kwake. Tumempa mfanyabiashara umeme wa umma kwa bei nafuu, kisha hatukumdai chochote. Hata kumhudumia Mkenya aliyekuja na pikipiki ya chapa nyingine hatukumdai.

Tunaambiwa haiwezekani. Kemia za betri ni tofauti, usalama utaharibika, wabunifu watakimbia. Wakenya wimbo huu tuliusikia jikoni. Palikuwa na wakati kila kampuni ya gesi ilikuwa na mtungi wake na valvu yake, na ukihamia mtaa usio na wakala wake unapanda matatu na mtungi mtupu kuutafutia duka. Kanuni za 2009 zikalazimisha valvu ya aina moja na mitungi ibadilishwe baina ya kampuni. Mama wa Kayole akapeleka mtungi wa rangi yoyote kwa muuzaji wa karibu, akapika. Kampuni hazikufa. Ndiyo, mwaka 2019 kanuni mpya ziliuondoa ulazima huo wa kubadilishana, baada ya wajazaji haramu kuutumia kama kichaka chao. Walioharibu mpango ule ni wezi waliojua hawatakamatwa. Mwananchi hakuwa na kosa. Betri ina namba yake na huripoti ilipo kila saa. Kuilinda ni rahisi mara mia kuliko kuulinda mtungi.

Na wasituambie kwamba washindani hawawezi kukaa meza moja. Honda, Kawasaki, Suzuki na Yamaha wamegombania wateja tangu babu zetu wakiwa vijana, lakini mwaka 2021 walikubaliana vipimo vya pamoja vya betri za kubadilishana, na 2022 wakaunda na kampuni ya mafuta ya ENEOS kampuni moja ya kuzisambaza huko Japani. Walioweza hilo ni wakubwa hao. Hawa wetu wanashindwa na nini?

Muda wenyewe ni mfupi. Rwanda imekwisha kuamua kwamba tangu Januari 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria Kigali ziwe za umeme. Ikiwa siku moja nasi tutaifunga njia ya petroli huku kila kampuni imejifungia na wateja wake, mwendeshaji hatakuwa na pa kukimbilia, atalipa bei atakayotajiwa. Tunazungumzia watu wanaopita milioni moja nchini. Wanasiasa huwakumbuka wakati wa kampeni, wakawagawia mafuta ya bure na vizibao vya kung'aa, kisha wanawaachia polisi na wakopeshaji.

Wizara ya Uchukuzi ilizindua rasimu ya sera ya usafiri wa umeme Machi 2024, kwa hiyo hakuna wa kudai suala hili ni geni kwake. EPRA ina silaha mkononi tayari: anayetaka yuniti ya shilingi 8 afungue kabati lake kwa kila mwendeshaji, kwa bei iliyobandikwa mlangoni, na asiyetaka alipe umeme kama biashara nyingine zote. KEBS, shirika la viwango, iweke plagi moja na vipimo vya betri, na izipe kampuni tarehe. Bunge liifungue Sura ya 507 na kuandika kwamba kumzimia mtu chombo ni sawa na kumnyang'anya, na baada ya theluthi mbili kitufe hicho hakibonyezwi bila hakimu kusema. Anayetaka kuinunua betri yake kabisa auziwe, apewe na ruhusa ya kuichaji kwake na kuipeleka kwa fundi anayemtaka, hata kama fundi huyo yuko chini ya mwavuli Kirinyaga Road. Na mpaka hayo yaandikwe, mita nyingine hata moja isipewe bei hiyo nafuu.