Kioo na Viatu vya Mbio



Wiki iliyopita tulialikwa harusini, nasi tukakaa mbele ya kioo tangu baada ya swala ya alasiri hadi magharibi ikakaribia. Wanja tulipaka mara mbili, kwani mara ya kwanza ulikwenda upande kwa mikunjo iliyo pembeni mwa macho. Bangili tulizoolewa nazo zilikataa kupita kiganjani. Na hina, ambayo zamani tuliipaka miguuni kwa pambo, sasa twaipaka kichwani kwa ajili ya mvi. Hatukuhuzunika sana, wapo wenzetu tuliocheza nao ambao umri huu hawakuufikia. Lakini tukisema hatukuhuzunika kabisa, tutakuwa tumesema uongo.

Katikati ya shughuli hiyo akaingia binti yetu wa miaka 14, jasho likimtiririka, viatu mkononi, mchanga hadi magotini. Akaweka karatasi baina ya chupa ya mafuta ya asumini na chetezo. Mwalimu wa michezo ataka idhini ya mzazi: binti amewashinda wasichana wote wa shule yao katika mbio za mita 800, na sasa ateuliwa kushindana na shule nyingine.

Twakiri mbele yenu neno la kwanza lililotutoka: "Utaungua na jua, mwanangu. Nani atakutazama?"

Akajibu kwa adabu, "Mama, kule hawatazami uso, watazama saa."

Neno lile tulilomwambia halikuwa letu. Tulirithi. Sisi nasi tulikuwa na mbio, msomaji. Vichochoroni hakuna mvulana aliyetukamata. Tulipofika miaka kumi na miwili tukaketishwa ndani, tukapakwa liwa na singo, tukaambiwa tuhifadhi rangi. Hakuna aliyetutolea dalili ya dini. Lilikuwa jua tu.

Dini yenyewe ina kisa kingine. Katika Sunan ya Abu Dawud imepokewa kwamba Bibi Aisha (R.A.), akiwa safarini na Mtume (S.A.W.), walishindana mbio, naye Bibi Aisha akamshinda. Baadaye, mwili wake ulipokwisha kunenepa, wakashindana tena. Safari hiyo Mtume akashinda, akamwambia kuwa hiyo ni kwa ile ya kwanza. Twaipenda hadithi hii kwa jambo dogo: msimulizi ni Bibi Aisha mwenyewe, na hakuona haya kutaja kunenepa kwake. Sisi bangili tumezificha ndani ya kasha asizione mtu.

Kuhusu stara, njia ipo kwa atakaye. FIFA iliruhusu kitambaa cha kichwa uwanjani mwaka wa 2014, na mpira wa kikapu ukafuata mwaka wa 2017. Huko Rio mwaka wa 2016, Ibtihaj Muhammad wa Marekani alishindana kwa upanga hali kajifunika kichwa, akarudi na medali ya shaba pamoja na wenzake. Tumeshona suruali pana ya kitambaa chepesi na shati refu, na mtandio wa kufungwa nyuma. Baba yake ametaka awepo mwalimu wa kike safarini, na swala isipite. Yamekubaliwa yote.

Woga haujatutoka. Maneno ya majirani twayajua kabla hayajasemwa. Tena twajua kwamba mbio nazo ni kama ule uzuri wetu: magoti huchakaa, pumzi hupungua, na siku moja naye atasimama mbele ya kioo chake. Hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu usiku uleule, tuliporudi harusini na wanja uliokwisha kuchuruzika.

Jumapili alasiri, maji yalipokupwa, tulikwenda naye ufukweni. Tukavua viatu, tukakunja mabuibui, tukakimbia naye hadi kwenye mashua iliyopandishwa mchangani. Alitushinda kabla hatujafika nusu ya njia, akaketi juu ya ukingo wa mashua akitungoja, nasi tukaja polepole, mikono kiunoni, tukihema. Tumemwahidi mbio ya pili.