Kibandiko cha i7 Hakichezi Gemu

Leo nina neno na wauzaji wa tarakilishi.

Pita kwenye maduka ya kompyuta za mitumba jijini Nairobi, au soma matangazo mtandaoni. Utakutana na maneno yale yale: "Kompyuta ya gemu, Core i7, bei poa!" Core i7 ya mwaka gani? Hapo kimya. Kijana aliyeweka akiba kwa miezi anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Jina i7 lipo tangu 2008. Prosesa ya i7-2600 ilitoka 2011, ina viini 4 na nyuzi 8. Ile i3-10100 ya 2020 nayo ina viini 4 na nyuzi 8, na kila kiini chake kina kasi zaidi. Yaani mdogo anamshinda mkubwa! Ukweli uko kwenye namba inayofuata kistari: 2600 ni kizazi cha 2, 10100 ni kizazi cha 10. Muuzaji akikataa kukutajia namba yote, shika njia.

Utasema, "Nitaongeza kadi ya michoro baadaye." Utaiweka wapi? Nyingi ya mashine hizi zilikuwa za ofisini. Zile nyembamba huwa na pawasaplai ya wati 240 hivi, isiyo na waya wa kulisha kadi, na kasha lake linakubali kadi za nusu kimo tu. Tundu la kadi lenyewe hutoa wati 75, basi. GTX 1050 Ti ya 2016 hutosheka na hizo. RX 580 ya 2017 inataka wati 185. Haya, zitatoka wapi?

Tena Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, isipokuwa chache za kizazi cha 7. Hiyo i7 ya 2011 haimo.

Sisemi mitumba ni mibaya. Mitumba imetulea wengi wetu katika fani hii. Ninachopinga ni kuficha. Mwenye pesa kidogo ndiye anayehitaji ukweli kuliko wote, kwa sababu hana za kununua mara ya pili.

Ukitaka gemu, anza na kadi ya michoro na pawasaplai ya kuitosha. Prosesa ifuate, ya kizazi cha karibuni, hata kama ni i3. Kama huna pesa ya kadi, Ryzen 5 5600G ya 2021 ina michoro ndani yake, lakini iwekee vijiti viwili vya RAM vya GB 8, si kimoja cha GB 16. Michoro hiyo hutumia RAM ya kompyuta, na vijiti viwili huipa njia mbili badala ya moja.

Nanyi wauzaji, Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari za kumwezesha kufaidika kikamilifu na bidhaa. Andikeni namba yote ya prosesa, mwaka wake na wati za pawasaplai. Kalamu na karatasi mnazo.

Haya, nimesema.