Uendelevu wa nani Migori na Homa Bay?

Katika miaka ya hivi karibuni kumezuka cheo kipya katika ofisi za nchi hii. Makampuni, mashirika yasiyo ya kiserikali, na hata serikali za kaunti huajiri mtu aitwaye mtaalamu wa uendelevu. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba shughuli za mwajiri wake hazimalizi udongo, maji, misitu na afya ya watu ambao kesho watavihitaji vitu hivyo hivyo. Wanafunzi wetu wa vyuo vikuu wanaitamani kazi hii, nasi walimu wao huwaandikia barua za kuwapendekeza. Ni jambo la kheri. Hata hivyo, kabla ya kukishangilia cheo, hatuna budi kujiuliza: mtu huyu anayelipwa na shirika ana uwezo gani wa kuliambia shirika hilo hilo kwamba limekosea?

Swali hili lina uzito wa pekee katika kaunti za Migori na Homa Bay, kusini mwa Nyanza. Huko riziki ya watu hutoka moja kwa moja katika shamba, mgodi na ziwa. Mambo yakiharibika, hakuna akiba nyingine ya kukimbilia.

Naomba nianze na neno lenyewe, maana ndiyo kazi inayonipa ugali. "Endelevu" limeundwa kutokana na kitenzi "endelea" na kiambishi -vu, kama vile "vumilia" ilivyozaa "vumilivu" na "tulia" ikazaa "tulivu". Vivumishi vya jamii hii havitaji tendo la mara moja, bali tabia iliyokita mizizi. Mtu mvumilivu si yule aliyevumilia jana mbele ya wageni; ni yule avumiliaye hata pasipo anayemtazama. Hapana shaka, basi, kwamba waliolibuni neno hili walichagua vyema.

Lakini neno lina mwanya mmoja. Kitenzi "endelea" hudai kiima: ni nani, au ni nini, kinachoendelea? Kitenzi kikishageuzwa kuwa kivumishi, kiima hicho hufichika. Tusemapo "kilimo endelevu" hatujabainisha kama kinachoendelea ni rutuba ya shamba, pato la mkulima, ama faida ya mnunuzi. Mambo haya matatu yaweza kwenda pamoja, na yaweza pia kupingana vikali. Kwa maoni yangu, kazi halisi ya mtaalamu wa uendelevu ni kukirudisha kiima hicho mahali pake, na kukitaja kwa sauti hata mwajiri akichukia.

Tuitazame tumbaku, zao ambalo limelimwa Migori kwa miongo kadhaa, hasa upande wa Kuria. Majani yake hukaushwa mabandani kwa moto wa kuni, na kila msimu huwa na kuni zake. Makampuni yanayoinunua yamekuwa yakimpa mkulima mbegu na mbolea kwa mkopo, na kumtaka apande miti. Miche huhesabiwa, na hesabu huingizwa katika taarifa ya mwaka kuwa ushahidi wa uendelevu. Yamkini hesabu hiyo ni ya kweli kabisa. Lakini mkaratusi uliopandwa ili ukatwe na kuchomwa bandani haurudishi msitu wa asili. Kinachoendelezwa hapo ni tumbaku. Wahenga walinena kwamba bandu bandu huisha gogo, na gogo hilo halijali ni nani aliyeandika taarifa nzuri kulihusu. Tena, anayechuma majani mabichi hupenywa na nikotini kupitia ngozi akaugua, na ugonjwa wake hauingii katika hesabu ya miche.

Haifai kumlaumu mkulima. Tumbaku ilikuwa na mnunuzi wa uhakika, na kwa pesa zake watoto walilipiwa karo. Ndiyo sababu mradi ulioanzishwa Migori mwaka 2022 na Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na kilimo, unastahili kuchunguzwa na kila mwanafunzi wa somo hili. Wakulima walihimizwa kuacha tumbaku na kulima maharagwe yenye madini ya chuma kwa wingi. Waliobuni mradi huo walitambua kwamba mawaidha peke yake hayamlishi mtu, hivyo Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likajitokeza kuwa mnunuzi wa maharagwe hayo. Hapo mtaalamu alikuwa ameuliza swali linalofaa: mkulima ataendeleaje?

Kutoka mashambani tuteremke ziwani. Homa Bay ina sehemu kubwa ya ufuo wa Kenya katika Ziwa Viktoria, na historia ya ziwa hili ina funzo chungu kuhusu wataalamu walioajiriwa. Mwaka 1960 Geoffrey Fryer, mwanasayansi aliyekuwa katika shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki lenye makao yake Jinja, alichapisha maandishi ya kupinga pendekezo la kumwingiza mbuta ziwani. Hoja yake ilikuwa wazi: samaki mkubwa mla samaki, akitiwa katika maji yasiyomzoea, aweza kuvuruga kila kitu. Wenye mamlaka walitamani samaki mwenye minofu mingi. Mbuta, ambaye kwa hakika alikuwa amekwisha kuingizwa kimyakimya katika miaka ya 1950, aliongezwa rasmi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ilipofika miaka ya 1980 alikuwa ametapakaa ziwani, na mamia ya aina za samaki wadogo ambao Wajaluo huwaita fulu yakatoweka ama yakapungua mno.

Ni kweli kwamba mbuta alileta viwanda, ajira na fedha za kigeni. Lakini minofu ilisafirishwa ng'ambo, na wenyeji wengi wakauziwa mifupa yenye mabaki ya nyama, ile waliyoibandika jina la "mgongo wazi". Jina hilo lilieleza mambo kwa ufasaha kuliko taarifa nyingi za kitaalamu. Biashara iliendelea, kitoweo cha mwenye ziwa ndicho kilichokatika.

Leo ziwani mna vizimba vya kufugia samaki, na vinaongezeka. Samaki wa mwituni wamepungua, kwa hivyo ufugaji una hoja yake. Lakini chakula kisicholiwa na kinyesi cha samaki huzama, huoza, na katika kuoza hunyonya oksijeni ya maji; rutuba inayobaki huzidi kulisha mwani na magugumaji, janga lililowafungia wavuvi njia tangu miaka ya 1990. Mfugaji mkubwa huweza kumwajiri mtaalamu wa kupima oksijeni hiyo. Je, vipimo vyake humfikia mvuvi wa omena wa Mbita, ambaye maji ni yale yale? Au hubaki kuwa siri ya kampuni?

Tukirudi Migori, katika eneo la Nyatike, tunalikuta suala zito zaidi. Macalder ni jina maarufu la dhahabu tangu enzi ya ukoloni. Mgodi mkubwa ulifungwa katika miaka ya 1960, lakini wachimbaji wadogo hawajaacha. Husaga mawe, husafisha unga wake kwa maji, na kuukoroga na zebaki ili ishikane na dhahabu. Kisha donge huchomwa, zebaki ikavukika na dhahabu ikabaki. Anayechoma huvuta mvuke huo. Zebaki inayomwagika huelekea mitoni, na mito ya huko humwaga maji yake ziwani. Majini yaweza kugeuka kuwa sumu kali zaidi inayojilimbikiza katika miili ya samaki, na hatimaye katika mwili wa anayemla, hasa mtoto aliye tumboni mwa mamaye.

Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kufanya kazi mwaka 2017. Ulipewa jina la Minamata, mji wa Japani uliotiwa sumu na kiwanda cha kampuni ya Chisso. Kisa cha mji huo kinatuhusu kwa sababu ya mtu mmoja. Hajime Hosokawa alikuwa mkuu wa hospitali ya kampuni hiyo. Mwaka 1956 ndiye aliyewapasha habari maafisa wa afya kwamba umezuka ugonjwa usiojulikana wa mishipa ya fahamu. Mwaka 1959 alimlisha paka chakula kilichochanganywa na maji machafu ya kiwanda, na paka yule, aliyejulikana kwa nambari 400, akaugua ugonjwa ule ule. Daktari aliwaarifu wakubwa wake. Wakamzuia kuendelea, na matokeo yakafichwa. Kiwanda kiliendelea kumwaga sumu hadi mwaka 1968. Hosokawa alitoa ushahidi wake mwaka 1970 akiwa amelazwa hospitalini, na akafariki mwaka huo huo. Elimu alikuwa nayo, na moyo pia. Alichokosa ni mlango wa kuitoa habari nje ya ukuta wa kampuni.

Wa Macalder hawana hata Hosokawa. Hakuna kampuni moja inayowaajiri wachimbaji wadogo wote, kwa hivyo hakuna wa kulipa mtaalamu. Anayefika huko mara nyingi ni mtumishi wa mradi uliofadhiliwa kutoka nje, na mradi una tarehe yake ya kumalizika. Mradi hufungwa, zebaki haifungwi.

Sheria je? Kenya haikukosa sheria. Tunayo Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, iliyoanzisha mamlaka ya NEMA, na tunayo Katiba ya mwaka 2010, ambayo katika kifungu cha 42 humpa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kanuni za mwaka 2003 kuhusu tathmini ya athari za mazingira ziliagiza mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoathirika, matangazo ya redio kwa lugha rasmi na za wenyeji, na kuandikwa kwa maoni ya mdomo pamoja na tafsiri zake. Mwanaisimu hawezi kuomba zaidi ya hapo. Kasoro ni mbili. Ya kwanza, mwenye mradi ndiye anayemchagua na kumlipa mtaalamu anayemtathmini. Ya pili, baada ya mikutano taarifa yenyewe huandikwa kwa Kiingereza kizito, imejaa maneno kama "kiwango kinachokubalika". Kinakubalika na nani? Kauli ya kutendeka imemmeza mtenda.

Kwamba mtu wa ndani aweza kushinda, tunao ushahidi hapa hapa nchini. Phyllis Omido aliajiriwa kushughulikia uhusiano wa jamii katika kiwanda cha kuyeyusha risasi karibu na kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa. Miongoni mwa kazi zake za kwanza ilikuwa kuandaa tathmini ya mazingira. Ilipoonyesha kwamba wakazi wamo hatarini, alishauri kiwanda kihamishwe. Akaondolewa katika kazi hiyo, ikapewa mwingine. Baadaye mtoto wake mwenyewe aligunduliwa kuwa na sumu ya risasi mwilini. Omido aliacha kazi akaenda kwa wananchi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, akatunukiwa tuzo ya Goldman mwaka 2015, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, ingawa kesi iliendelea katika mahakama za juu. Ushindi huo ni wa kujivunia. Lakini tutafakari: ilimlazimu kupoteza kazi ndipo aifanye kazi aliyoajiriwa kuifanya!

Kutokana na hayo, nathubutu kupendekeza mambo manne. Mosi, mtaalamu wa uendelevu awe chini ya bodi ya wakurugenzi, asiwe chini ya idara ya matangazo wala ya mauzo. Pili, mkataba wake umruhusu kuzipeleka NEMA habari za hatari kwa afya bila kuadhibiwa. Tatu, malipo ya wanaotathmini miradi yapitie katika mfuko wa pamoja, ili mwenye mradi asimchague msomaji wa makosa yake. Nne, kila taarifa iwe na muhtasari wa Kiswahili, na katika kaunti hizi iwe pia na wa Kijaluo au Kikuria, usomwe katika baraza la chifu na kubandikwa ufuoni na mgodini.

Watakaosema kwamba tafsiri ni gharama wakumbuke kwamba kampuni hizo hizo hupata fedha za kutangaza bidhaa zao kwa lugha hizo hizo, tena kwa nyimbo.

Nanyi walimu, hasa wa Migori na Homa Bay, mnayo nafasi ambayo hakuna bodi itakayowapa. Somo la sarufi laweza kufundishwa kwa taarifa ya kampuni iliyo jirani na shule. Wapeni wanafunzi ukurasa mmoja, wasake kila neno "endelevu", na kando yake waandike kiima: nini kinaendelea, na nani anakatika. Mwanafunzi aliyezoea zoezi hilo, akiajiriwa kesho kuwa mtaalamu wa uendelevu, hataweza kulisahau swali hilo kwa urahisi. Na yule atakayebaki kijijini kuvua au kuchimba atajua la kumwuliza mtaalamu akija.